Mgongo wa kadi au magazeti ya zamani?

Kadi za besiboli za T206 (jina ambalo wakusanyaji huiita seti hii) zilitoka ndani ya pakiti za sigara Marekani, 1909 hadi 1911. Ukitaka asili ya yako, igeuze: mgongoni kuna chapa ya sigara, kama Piedmont, na namba ya kiwanda; 25 ni Virginia, 30 ni New York. Hulipi kitu, na ushahidi huo ni mgumu kupinga, labda gundi ya albamu iwe imeula. Ila hicho ni kiwanda cha sigara, si lazima kadi ichapwe hapo!

Magazeti ya enzi hizo, ambayo Maktaba ya Bunge la Marekani imeyaweka mtandaoni bure, hueleza zaidi biashara yenyewe, lakini kuyapekua hula usiku kucha. Mwenye kadi moja, mgongo unamtosha. Anayefuatilia seti nzima hawezi kuyakwepa magazeti.