Seti ya puli niliyonunulia darasa langu: magurudumu poa, kamba na mizani ni aibu

Nilichukua hii seti kwa duka fulani la vifaa vya shule hapa Kisumu town, 2,800, sikubargain hata juu topiki ya mashine ilikuwa inaanza Jumatatu na maabara yetu haina hata puli moja, lile gurudumu la kupitishia kamba kuinua mzigo, miaka yote tunachora tu kwa ubao Fomu Tatu wanakariri fomula basi. Ndani kuna puli mbili za gurudumu moja, mbili za magurudumu mawili, kamba ya nailoni, mawe ya mizani na mizani ya springi ya nyutoni 10 (nyutoni ni kipimo cha nguvu).

Nianze na kamba, yawa. Ni mita moja na nusu. Ukipitisha mara nne kwa nafasi ya sentimita 40 imeisha kabla hujapata ncha ya kuvuta! Nilituma kijana soko la Kibuye akaniletea nyingine ndefu. Mizani nayo inasoma 0.3 kama haijabeba kitu na haina skrubu ya kuirudisha sufuri, so kila mtu alikuwa anatoa 0.3 kwa kichwa.

Lakini magurudumu, hapo sina neno. Tulining'iniza gramu 400, tuseme nyutoni 4. Puli moja ya juu peke yake ikatupa 4.2 na darasa likanuna, "sasa mwalimu hii inasaidia nini?" Nikawaambia waangalie mlingoti wa bendera nje, nani angepanda juu kila asubuhi? Wakaelewa inageuza tu upande wa kuvuta. Tukaongeza ya pili, inayopanda na mzigo, ikashuka 2.3, na mwenye rula akapiga kelele kwamba mzigo umepanda sentimita 10 lakini yeye amevuta kamba 20. Hiyo sikuwa nimewafundisha bado, walijionea wenyewe.

Sasa zile za magurudumu mawili mawili, kamba nne zimebeba mzigo, wote wameshaandika jibu litakuwa 1, nyutoni 4 gawa kwa kamba nne. Mizani ikasema 1.6. Msichana mmoja akasema seti ni feki. Nikanyamaza. Mwingine akazungusha gurudumu na kidole akaweka sikio, akasema linalia, mwingine akainua ile puli ya chini akasema nayo ina uzito, kumbe tunaivuta pia. Nikatoa kachupa ka mafuta ya cherehani kwa begi, tukatia tone moja moja kwa ekseli, ikashuka hadi 1.3. Ufanisi, yaani kazi inayofika kwa mzigo ukilinganisha na ile tunayoweka kwa kamba, ukatoka asilimia 62.5 hadi kama 77, na hiyo hesabu waliifanya bila kusukumwa, kengele ikalia hakuna mtu anatoka. Miaka yangu yote ya chaki sijaona hiyo kitu.

Nilirudi dukani na mizani, nikaambiwa ukishafungua boksi hakuna kurudisha. Jamaa hata hakuinua macho kwa simu. Kama kuna mahali wanauza puli peke yake ningechukua hizo nne tu, kamba ni ya bei ndogo sokoni.

Nikipima, magurudumu tano kwa tano, huduma moja. Ukienda fungua boksi hapo hapo kwa kaunta, ning'iniza mizani ikiwa tupu, isiposoma sufuri mwambie akupe nyingine kabla hujatoa pesa. Na beba mafuta yako ya cherehani.