Choo cha ndani cha mtoto wa mbwa: ununue nini hapa Mwanza na hela usiitupe wapi

Kuna watu wakisikia mbwa ana choo ndani wanacheka mpaka basi. Wewe wa Capri Point mwenye geti na bustani endelea kucheka, ila sisi tuliopanga huku juu ya mawe Mabatini, uani sementi ya milango mitano, kushuka chini ni ngazi za mawe mpaka magoti yanalia, saa nane usiku mtoto wa mbwa wa miezi miwili hakusubiri. Umri huo anabana mkojo masaa mawili, akijitahidi sana matatu. Halafu kuna chanjo, zinaanza wiki ya 6 mpaka 8 na zinarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike kama wiki 16, kabla hazijaisha ukimshusha kwenye vumbi wanapopita mbwa wa mtaani unamtafutia parvo, ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, na kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi na miezi. Na jirani yangu anaswali, korido ni yetu wote, mkojo wa mbwa mlangoni kwake haitakuwa ustaarabu.

Basi nimejaribu karibu kila kitu cha kujaza kwenye beseni la choo chake, napanga kuanzia cha kununua mpaka cha kukimbia.

Namba moja ni gazeti la zamani, na sitanii. Yale wanayouza kwa kilo ya kufungia vitu. Chini tandika kurasa nzima, tabaka nne hivi, juu chana vipande virefu ujaze mpaka kimo cha vidole vinne. Akimeza kipande kidogo kitapita, kusafisha ni kukunja na kutupa, na hela yake hata huisikii. Ubaya wake harufu haikamati, mchana bati likichemka na hujabadilisha utajua mwenyewe. Na kuna mbwa ataamini kila karatasi iliyo sakafuni ni choo, daftari la hesabu la mwanangu lilienda hivyohivyo.

Namba mbili ukoka. Kata kipande kwa wale wanaouza maua na miche barabarani, uliza kwanza kama kimepigwa dawa, lalisha kwenye beseni. Kwa nini naupenda: mtoto wa mbwa anazoea kile anachokikanyaga wakati anajisaidia, sasa akizoea nyasi ndani, siku ukimtoa nje hana maswali. Ila mkojo unaunguza nyasi, baada ya siku kadhaa inakuwa njano na inanuka, unanunua tena, ndo maana sijaupa namba moja.

Tatu maranda. Wafuga kuku wanayajua, kwa seremala unajaza kiroba kwa hela ndogo tu au bure kabisa. Yananyonya vizuri na harufu yanapunguza kuliko gazeti, lakini muulize fundi kama hizo mbao zimetiwa dawa ya mchwa, akisema ndiyo au akianza kuzungukazunguka, acha. Chukua yale marefu ya randa, sio unga wa msumeno unaoingia puani. Kuna mtu ataniuliza na maganda ya mpunga je, maana Magu na Misungwi hapo yamejaa: hayanyonyi, mkojo unapita unakaa chini, na yanachomachoma.

Nne zile pedi za kutandika kitandani kwa mgonjwa. Kwa safari, sawa, kwa kila siku zitakufilisi, na mtoto wa mbwa anayeota meno anazichana anameza ile pamba ya ndani.

Tano mchanga wa ziwani. Mzito, paka wa mtaa mzima watahamia kwako, na ukiuchota pale walipojisaidia mbwa wengine umebeba mayai ya minyoo mpaka sebuleni.

Ya mwisho kabisa, udongo wa paka ule unaoganda ukilowa. Mimi muuzaji aliniapia ni wa wanyama wote, nikatoa hela, dogo akaanza kuutafuna kama karanga. Ukiganda tumboni unaweza kuziba utumbo. Nikaubeba wote nikautupa, roho inaniuma.

Chombo chenyewe usihangaike. Beseni pana la plastiki, aweze kuingia na kugeuka mzima, upande mmoja ukate chini apande bila kuruka, ukingo upitishe kisu cha moto usimkate. Dumu la lita 20 ukililaza ukalikata linafaa kwa vimbwa vidogo. Kama wako ni jamii ya German Shepherd, hesabu miezi michache tu, zaidi ya hapo utahitaji beseni la kuogea mtu.

Kingine cha kununua ni dagaa, wale wakavu wasio na chumvi, pale mwaloni Kirumba, uwapepete mchanga utoke. Akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, mbebe mpaka kwenye beseni, akijisaidia tu palepale dagaa mmoja. Acha kikaratasi kimoja chenye harufu ya jana ajue ni pale. Akikosea usimsugulie pua, atajifunza kukojoa akiwa amejificha nyuma ya kochi na hapo ndo umeumia. Futa kwa siki na maji. Jiki weka kwa ajili ya magonjwa, tena baada ya kuosha mkojo wote, maana jiki na mkojo vikikutana mvuke wake unakaba kifua.

Mavi toa kila siku, watoto wa mbwa wengi wana minyoo inayoambukiza watoto wetu. Wa kwangu sasa ana miezi saba, ananyanyua mguu anarusha nje ya beseni, tumehamia uani rasmi. Beseni nimelitoboa nimepanda maua. Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, mwenye nyumba wetu, alitaka nipande mchicha, nikamwambia mayu, hapo hapana.