Namba inataka barua, barua anayo yeye, na yeye anataka namba

Kazi nilishapata. Naomba mlishike hilo kwanza, maana nikisimulia kisa hiki watu hudhani nililia kwa kukosa kazi. Kazi ilikuwepo: kaunta ya maktaba ya chuo, zamu za jioni, na jina langu lilishaingia kwenye ratiba. Aliyenizuia kuianza ni mama mmoja wa ofisi ya ajira za wanafunzi, na mpaka sasa nikipita mbele ya mlango ule moyo hunienda mbio.

Kuitafuta kulinichosha tu, hakukuniudhi. Hapa Marekani mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anaweza kufanya kazi ndani ya chuo chake bila kuomba kibali uhamiaji, mradi asizidi saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea. Tatizo ni kwamba matangazo mengi niliyokuwa nikiyajibu yalikuwa ya Federal Work-Study, fedha za serikali ambazo sisi tuliotoka nje hazituhusu. Hakuna aliyeniambia. Nilipoteza karibu mwezi nikituma maombi, hadi mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliponionyesha maneno hayo chini kabisa ya tangazo. Nikaacha mtandao, nikaanza kuzunguka kwa miguu, bwaloni, uwanja wa michezo, maktaba, nikiuliza ana kwa ana. Kwa njia hiyo nikapata ndani ya siku mbili.

Sasa njooni dirishani.

Nilikwenda na pasipoti, fomu I-20 ya chuo inayoonyesha kwamba mimi ni mwanafunzi, nakala ya I-94 inayoonyesha nilivyoingia nchini, na ujumbe wa msimamizi wa maktaba. Yule mama hakugusa hata karatasi moja. Akauliza namba ya Social Security, ile namba ya hifadhi ya jamii ambayo serikali humpa mfanyakazi. Nikamwambia sina bado, na nikaeleza sababu: mwanafunzi wa F-1 hapewi namba hiyo mpaka athibitishe kwamba ameajiriwa, kwa hiyo nilikuwa naomba barua ya mwajiri ili nikaiombe. Akajibu, "Barua hatutoi kwa mtu asiye na namba. Rudi ukiwa nayo."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Namba inataka barua. Barua anayo yeye. Na yeye anataka namba. Nilimweleza tena, taratibu, kwa heshima zote, nikamwambia pia kwamba sheria inamruhusu mtu kuanza kazi huku ombi lake la namba likishughulikiwa. Hapo akageuka kwa mwenzake, mimi bado nimesimama pale, akasema, "Hawa wanakuja bila kusoma maelekezo."

Hawa. Nilikuwa peke yangu dirishani.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Maelekezo nilikuwa nimeyasoma mpaka nimeyakariri, na ndiyo maana niliumia. Ningekuwa nimekosea, ningeona haya nikarudi nyumbani. Lakini kuwa sahihi kisha ukafukuzwa kama mtoto aliyepotea njia, mbele ya foleni ya watu, ni kitu kingine.

Nilirudi mara mbili zaidi, mara zote nikamkuta yeye. Wiki tatu zikapita hivyo. Msimamizi wa maktaba ndiye aliyenikomboa. Nilikwenda kumwambia ampe mtu mwingine nafasi, akaniuliza kwa nini, nikamsimulia. Hakusema neno. Akavuta kiti, akaandika barua mwenyewe: kazi ninayofanya, tarehe ya kuanza, saa kwa wiki, jina lake na namba yake ya simu, akasaini. Dakika kumi hazikufika! Kumbe msimamizi anaweza kuitoa, haikuwa lazima itoke dirishani. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni akaongeza barua yake, nikaenda ofisi ya Social Security mjini, nikapanga foleni asubuhi nzima, nikahudumiwa na mtu mpole, nikapewa stakabadhi. Mshauri akapiga simu ofisi ya ajira kuwaeleza utaratibu wao wenyewe. Wiki hiyohiyo nikasimama kaunta. Kadi ikanifuata baadaye kwa posta.

Kazi yenyewe naipenda kuliko nilivyotarajia. Watu wanakuja wamechanganyikiwa na kazi za darasani, unawatafutia kitabu, wanaondoka wakitabasamu. Katikati ya zamu kuna saa tulivu za kusoma. Nikaanza hata kumwonea huruma yule mama: labda alikuwa na lake lililomsibu, labda hakuwahi kufundishwa habari zetu. Nikajiambia nikija kuandika nitaandika kwa upole, niseme ofisi ina upungufu wa mafunzo, basi.

Kisha ikaja hati ya mshahara ya kwanza. Kwenye makato wameandika Social Security asilimia 6.2 na Medicare, bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45. Mwanafunzi wa F-1 aliye katika miaka yake mitano ya mwanzo hapa nchini, akifanya kazi inayoruhusiwa na viza yake, hakatwi kodi hizo. Yaani mtu aliyeninyima kazi kwa ajili ya namba ya Social Security, sasa ofisi yake inanikata fedha ya Social Security nisiyodaiwa. Upole wote ukaniisha. Hapana, simwonei. Ofisi inayohudumia wanafunzi wa kigeni kila muhula haiwezi kusema haijui.

Nilikwenda nimejiandaa kwa vita, nikamkuta kijana mwingine dirishani. Akasoma hati, akaomba radhi, akaingia ndani, akarudi na fomu, na malipo yaliyofuata yakaja pamoja na nilichokatwa. Alinisalimu kwa jina langu, akalitamka sawasawa. Kwa hiyo nikiulizwa kama ofisi ile ni mbaya, leo nashindwa kujibu kwa neno moja. Inategemea nani amekaa kwenye kile kiti.

Makato wamerudisha yote. Mshahara wa zile wiki tatu hautarudi, na neno "hawa" hakuna aliyekuja kuniomba radhi kwa ajili yake.