LatencyMon kwa Anayesumbuliwa na Sauti Inayokatikakatika

Kwa muda wa wiki tatu hivi nilihariri mazungumzo yaliyorekodiwa huku sauti ikikatika bila utaratibu wowote: dakika sita shwari, kisha mkwaruzo mmoja mkavu katikati ya neno, kisha shwari tena. Nikirudi nyuma kusikiliza palepale, mkwaruzo haupo, umeshahamia sentensi nyingine. Nilibadilisha waya wa USB, nikabadilisha hedifoni, nikaifuta programu ya kuhariri na kuisakinisha upya, na nakiri kwamba niliilaumu sana bila haki. Ndipo nilipoipakua LatencyMon, programu ndogo ya Windows inayopima kinachoichelewesha sauti ndani ya kompyuta, iliyotengenezwa na Resplendence, ambayo toleo lake la Home hutolewa bure kwa matumizi ya nyumbani.

Kabla ya kuifungua, kuna jaribio moja ambalo namshauri kila mtu alifanye, kwa kuwa halina gharama. Toa kipande chako kama faili la WAV, kisha ulisikilize kwenye simu. Mkwaruzo ukisikika mahali palepale kila mara, umo ndani ya rekodi yenyewe na LatencyMon haiwezi kuusafisha. Faili likiwa safi, kama lilivyokuwa langu, basi kazi yako ni nzima na tatizo liko katika njia ya kuelekea kwenye spika. Kompyuta inapotoa faili haishindani na saa, kwa hiyo ikikwama kidogo hungoja na kuendelea, lakini inapocheza sauti haina nafasi ya kungoja.

Hapo ndipo bafa inapoingia. Bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayoandaliwa kabla ya kuchezwa, ni kama tangi la maji nyumbani: maji ya bomba yakikatika kwa muda, familia hutumia yaliyomo tangini, na tangi likiwa dogo mabomba hukauka mara moja. Bafa ya sampuli 128 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti) katika kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde hubeba sauti ya takriban milisekunde 2.9 tu, ilhali ya sampuli 1,024 hubeba takriban milisekunde 23. Mimi nilikuwa kwenye 128, kwa sababu ninaporekodi nataka msemaji ajisikie katika hedifoni bila sauti yake kuchelewa.

LatencyMon haipimi mzigo wa kichakataji, na huo ndio ubora wake wa kwanza. Kipimo cha kawaida cha Windows kilinionyesha asilimia 12 tu, nikaamini kwamba kompyuta imepumzika. Kumbe kichakataji kinaweza kuwa na nafasi tele na bado sauti ikakatika, kwa kuwa draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta, huwa na kazi fupifupi, ziitwazo DPC, ambazo Windows huzipa kipaumbele kuliko programu za kawaida. Draiva moja ikikishika kichakataji kupita kiasi, programu ya sauti husimama mlangoni ikisubiri zamu. LatencyMon hupima kila draiva imetumia muda gani, kwa mikrosekunde.

Niliibonyeza ianze, nikaendelea kuhariri kama kawaida kwa dakika 20. Usiisimamishe mapema, maana kosa la nadra huhitaji subira, na dakika mbili za kwanza zilinipa alama ya kijani iliyonidanganya. Baadaye ujumbe ulibadilika, na nilipofungua kichupo cha Drivers na kupanga orodha kwa muda mrefu zaidi wa utekelezaji, jina la ndis.sys lilikaa juu likiwa na mikrosekunde 4,300. Hizo ni milisekunde 4.3, na tangi langu lilikuwa la 2.9. Hesabu ilijieleza yenyewe.

Hata hivyo, hapa panahitaji uangalifu ambao programu yenyewe haiusisitizi vya kutosha. Faili la ndis.sys ni sehemu ya Windows inayosimamia mawasiliano yote ya mtandao, na mara nyingi hubeba lawama ya draiva nyingine iliyojificha nyuma yake. Vivyo hivyo kwa ACPI.sys na Wdf01000.sys, mafaili mengine ya Windows. Nilizima Wi-Fi, nikapima tena kwa dakika 20, na kilele kikashuka chini ya mikrosekunde 400. Mkosaji alikuwa draiva ya Wi-Fi, ambayo nimeshaiweka toleo jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Mikwaruzo imepungua sana, ingawa haijaisha kabisa.

Kasoro nyingine ni ushauri wake wa jumla. Ripoti ilinielekeza kurekebisha mipangilio ya umeme wa kichakataji katika BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, ilhali BIOS ya kompyuta yangu ya mapajani haina kipengele hicho hata kidogo. Ushauri wenyewe si mbaya, kwa kuwa kompyuta inayotumia betri umeme ukikatika hupunguza kasi ya kichakataji na sauti hudhurika, ila katika kisa changu ulinielekeza pasipohusika. Aidha, ripoti huhesabu mara ambazo kumbukumbu imelazimika kusomwa kutoka diskini, na anayeisoma kwa mara ya kwanza anaweza kushtuka, wakati sehemu kubwa ya hesabu hiyo hutokana tu na kufungua programu. Maandishi yote ni ya Kiingereza kizito cha mafundi. Na isitegemewe kugundua waya uliolegea, wala kadi ya sauti iliyopangwa sampuli 48,000 kwa sekunde ilhali mradi uko kwenye 44,100.

Naipa nyota nne kati ya tano. Haitengenezi chochote, na anayetarajia kitufe cha kuponya atavunjika moyo, lakini ilinionyesha kwa dakika 40 kile ambacho wiki tatu za kubahatisha hazikunionyesha. Siku hizi bafa naiweka 1,024 ninapohariri na 128 ninaporekodi, na LatencyMon huifungua robo saa kabla ya mgeni kuketi mbele ya maikrofoni, Wi-Fi ikiwa imeshazimwa.