Jiki ya Kupimiwa na ya Chupa kwa Tisheti za Maua: Uzoefu Wangu Kisumu

Kwa aliye na haraka: ukitaka kuchora maua kwenye tisheti nyeusi kwa kuipausha rangi, jiki ya kupimiwa haifai. Choo ikisugue, matambara iyang'arishe, sina neno. Lakini nguo utakayoivaa mbele za watu, inunulie jiki ya chupa iliyofungwa, yenye tarehe na asilimia ya dawa imeandikwa.

Naishi Manyatta, na huku jiki ya kupimiwa haiko mbali. Inauzwa kwenye chupa za soda zilizooshwa, ikikaa sambamba na sabuni ya maji. Bei yake inavutia kweli. Mama ninayenunua kwake hunionya kila mara, "Hiyo ni kali, kijana wangu, vaa glavu." Na kuna siku ni kali kama anavyosema. Siku nyingine ni maji yenye harufu tu. Simlaumu, kwa sababu sodiamu haipokloraiti, ambayo ndiyo dawa yenyewe ndani ya jiki, huvunjwavunjwa na mwanga na joto. Chupa inayoonyesha ndani, ikishinda mezani kwenye jua la Kisumu, lazima ipungue nguvu. Tena hujui muuzaji wa jumla aliizimua kwa maji kiasi gani kabla haijafika hapo.

Ukitengeneza tisheti moja yako mwenyewe, huenda usijali. Mimi hutengenezea vikundi, watu wa chama au kwaya wanaotaka kufanana. Hapo ndipo ya kupimiwa inakuaibisha: nguo za kwanza zinatoka rangi ya chungwa iliyoiva, zinazofuata zinabaki na kahawia hafifu, na mwenye oda anauliza kama kuna waliolipa zaidi.

Tisheti zenyewe nazitoa soko la Kibuye, na huko soma lebo kabla ya kuuliza bei. Unatafuta pamba tupu. Poliesta utainyunyizia hadi jioni na haitabadilika, na sufu au hariri usiiguse kabisa, jiki huila. Hata pamba ina vituko vyake. Nyeusi mbili zinazofanana sokoni zinaweza kutoa rangi tofauti kabisa, moja ya chungwa, nyingine ya krimu, kutegemea kiwanda kilitumia rangi gani, na ziko nyeusi zisizosikia dawa kamwe. Kwa hiyo nikifika nyumbani naanza na tone moja ndani ya pindo, kwa kijiti cha pamba cha masikio. Usishangae pia mishono ikibaki nyeusi huku kitambaa kimegeuka: mara nyingi uzi wa kushonea ni poliesta. Mimi napenda inavyoonekana, kama nguo imepigwa mstari kwa kalamu.

Ua langu ni jani la muhogo. Ni bapa, lina vidole, na haligharimu kitu. Naingiza kadibodi ndani ya tisheti ili dawa isipenye hadi mgongoni, nikiwa nimeivalisha karatasi za plastiki za mkate. (Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini mkate bado unakuja umevaa.) Majani nayabana kwa kokoto, nachanganya jiki na maji nusu kwa nusu, kisha nanyunyiza kutoka juu; palipofunikwa na jani hubaki peusi, na hilo ndilo ua. Ukinyunyiza kwa ubavu, dawa inaingia chini ya jani na vidole vinapotea.

Chupa ya kunyunyizia ni ile ya saluni, kutoka duka la vipodozi. Inafanya kazi vizuri ikiwa mpya, inatoa ukungu mwembamba. Baadaye springi ya ndani inashika kutu na chupa inaanza kutema matone makubwa. Suuza kwa maji safi kila ukimaliza, itadumu kidogo zaidi. Beseni nalo liwe la plastiki, usitumie sufuria.

Kazi yote naifanya nje, kivulini. Juani dawa hukauka haraka, hukolea mahali ilipokauka, na kitambaa hapo hudhoofika hadi kutoboka baada ya kufuliwa. Usiondoke. Rangi huanza kugeuka ukiitazama, na kwa kawaida dakika tano hadi kumi na tano zinatosha. Simamisha ikiwa bado imekolea kidogo kuliko unavyotaka, kwa maana huendelea kupauka hadi uioshe.

Kuhusu kuiosha, kuna ushauri mmoja unaozunguka ambao ni hatari: ati utie siki ili kuua jiki. Jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliiachilia Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Dawa za choo zenye asidi ni vivyo hivyo, na amonia nayo ikae mbali. Kinachofaa ni haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda, ipo duka lolote la dawa. Suuza tisheti kwa maji mengi kwanza, kisha iloweke kwenye peroksidi kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi. Utaona mapovu. Hiyo ni oksijeni inatoka. Kinachobaki ni maji na chumvi. Baada ya hapo fua kwa sabuni kama kawaida.

Peroksidi inaongeza gharama, na ya chupa ni ghali kuliko ya kupimiwa, lakini bado nabaki na faida kwa sababu tisheti ya mtumba si ghali. Wateja huniuliza kama ua litafutika likifuliwa. Halifutiki, maana pale hapakupakwa kitu, rangi ya pembeni yake ndiyo iliyoondolewa. Kitakachofifia kidogo kidogo kwa kufuliwa ni ule weusi wa tisheti uliobaki, kwa hiyo nawaambia waifue ikiwa imegeuzwa ndani nje na waianike kivulini.