KardiaMobile 6L: kinafaa kwa mapigo, si kwa maumivu ya kifua

KardiaMobile 6L ni kibao kidogo cha mfukoni chenye vipande vitatu vya chuma: viwili juu, kimoja chini. Hakina waya. Hutuma mchoro wa umeme wa moyo (ECG) kwenye simu kwa Bluetooth na hutumia betri bapa ya CR2016.

Mgonjwa akae atulie kwanza. Kibao kiwekwe kwenye goti la kushoto au kifundo cha mguu huohuo, kigusane na ngozi yenyewe. Kwa aliyevaa gauni refu, kifundo ni rahisi zaidi. Vidole gumba viguse vyuma vya juu bila kukandamiza, na kwa sekunde 30 asiongee wala kutikisika. Kibao kikigeuzwa, kushoto kukawa kulia, mawimbi ya mchoro wa kwanza kati ya sita hupinduka, na asiyejua atadhani moyo una hitilafu.

Dodoma, adui ni ukavu. Wakati wa kiangazi, vidole vikavu vyenye sugu havipitishi umeme vizuri, na mchoro hutangatanga. Mafuta ya kupaka yanazidisha tatizo. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Ukiona vijino vidogo vinavyofanana mfululizo, huo ni umeme wa ukutani: chomoa simu kwenye chaji, kisha hakikisha programu imewekwa Hz 50 za TANESCO, si 60 za Marekani. Vijino visivyo na mpangilio vinatoka kwenye misuli. Mikono ilegezwe juu ya mapaja.

Kwa mapigo yanayokwenda mbio kisha yakatulia kabla mtu hajafika hospitali, tunakipa alama za juu. Hukamata hata fibrilesheni ya atiria, yaani vyumba vya juu vya moyo kupapatika bila mpangilio, ambayo ni chanzo kimojawapo cha kiharusi.

Maumivu ya kifua ni habari nyingine kabisa. Mashine ya hospitali huunganishwa sehemu 10 za mwili, sita zikiwa kifuani, na hutoa michoro 12. Kibao hiki hutoa sita tu, yote ya mikono na mguu, hivyo mshtuko wa ukuta wa mbele wa moyo unaweza kukipita kimya. Mtengenezaji mwenyewe anasema hakigundui mshtuko wa moyo. Na hata ECG kamili ya kwanza huweza kuwa safi, ndiyo maana hurudiwa, na damu hupimwa troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, zaidi ya mara moja.

Basi zahanati ya Chamwino au Mpwapwa isikitumie kuamua nani arudi nyumbani. Kifua kikibana, maumivu yakapanda tayani au kushuka mkononi, jasho jembamba likatoka, ECG kamili ifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Mashine haipo? Gari la kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa litafutwe mara moja. Kibao kitumike njiani, na mchoro utumwe kwa WhatsApp kwa daktari anayemsubiri.