Apu ya kutabiri nyumbu: Ndutu ilipatia, Mto Mara ikanitosa

Nyota 3 kati ya 5, na hiyo ya tatu ni huruma tu.

Jina silitaji ila wanaopanda sana Serengeti wataijua, unalipia kwa mwezi inakupa ramani ya nyumbu watakuwa wapi wiki hiyo. Februari niliitumia Ndutu, kule kusini mwa Serengeti, ikapatia mwanzo mwisho, nikajua hela yangu iko salama. Ila ukikaa ukafikiria, Ndutu kupatia sio kazi, kipindi cha kuzaa majike wanajazana kwenye zile nyasi fupi za udongo wa volkano zenye madini, simba anaonekana toka mbali, ndama wengi wanadondoka ndani ya wiki 3 hivi, yani ukijua mvua imenyesha wapi umemaliza mchezo.

Sasa Septemba nikaenda nayo Kogatende, kaskazini mwa Serengeti kwenye Mto Mara. Ramani nyekundu pyu, maana yake wamejaa. Tunafika, nyasi mbichi zinagusa magoti, hazijaguswa, dreva akachungulia dirishani akacheka, "kaka hapa hata mavi mapya hamna." Apu inaangalia mvua na majani basi, ikiona chakula kizuri inamweka nyumbu pale. Yeye mwenyewe alikuwa ng'ambo ya mto anaogopa kuvuka!

Tukapaki. Masaa 3 juani. Punda milia wakatangulia kushuka, mmoja akainamisha kichwa anywe, sijui aliona nini akakoroma, akaruka nyuma, na kundi zima nyuma yake likageuka, vumbi tupu hata ukingo hatuuoni. Kesho yake saa 5 asubuhi wakavuka kilomita kadhaa pembeni, tulijua kwa sababu dreva alikuwa kwenye redio na wenzake toka alfajiri, apu bado imeng'ang'ania palepale.

Kingine kilichoniudhi ni Ngorongoro. Ukisogeza ramani mpaka Julai, kreta inakuwa nyeupe, eti hamna nyumbu, wakati wale wa kreta wengi wanakaa humohumo mwaka mzima, hawana habari na safari za wenzao milioni moja na ushee wa Serengeti. Nyumbu ni nyumbu sawa, ila tabia sio moja, na mtu aliyewahi kushuka kreta mara mbili tu angewaambia.

Nimewaandikia, wakajibu "data inasasishwa". Haya.

Namba ya dreva nimeisevu. Februari nitalipia mwezi mmoja, wa Ndutu, Septemba nampigia yeye.